Jiwe Lililotoka Juu: Historia ya Krateri, Toka Mwezi Mpaka Luizi

Masomo ya Kigriki yametuletea neno moja ambalo leo linatumika mbali sana na meza ya Wagriki. Krateri lilikuwa jina la bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji. Wale kati yenu wenye kusoma Vulgata wamelikuta katika kitabu cha Kutoka, sura ya 24, pale Musa anapotia nusu ya damu ya sadaka katika vyombo. Kisha watu waliona kwamba mudomo wa mulima wa moto unafanana na bakuli, nao wakauita vile vile krateri. Ndugu zetu wa Goma hawana haja ya mafasirio: mulima Nyiragongo uko mbele ya macho yao, na walikimbia moto wake katika mwaka 1977, tena 2002, tena 2021.

Sisi wa Isangi hatuna mulima wa moto, wala mulima wowote. Hapa ambapo Lomami inaingia katika muto Kongo kuna maji, udongo na musitu. Mutoto anaweza kukomaa bila kuona mwamba mukubwa. Lakini krateri tunaziona, na wengi hawajui. Usiku wa saba wa mwezi muchanga, chukueni darubini ndogo ya mukono, muangalie ule mustari unaotenga mwangaza na giza. Pale jua linaangaza kwa ubavu, na kila shimo linajaa kivuli. Ndivyo alivyoona Galileo, na katika mwaka 1610 akaandika kwamba mwezi si tufe laini la kioo, bali ni inchi yenye milima na mabonde.

Tangu siku ile swali lilikuwa moja: mashimo yale yalichimbwa na nini? Na moto toka chini, ao na mawe toka juu? Kwa miaka karibu 300 wenye elimu, isipokuwa wachache, walijibu: moto. Walikosa. Na jibu la kweli limefika mpaka katika inchi yetu, Katanga, kwa ushuhuda wa mawe, katika mwaka 2011 tu. Ni habari ya njia hiyo tunayotaka kuandika.

Kwanza majina, maana yanatuhusu sisi mapadri. Katika muji wa Bologna, mwaka 1651, Mujezuiti Giovanni Battista Riccioli alitoa kitabu kikubwa, Almagestum Novum, pamoja na karta ya mwezi iliyochorwa na ndugu yake wa shirika, Francesco Maria Grimaldi. Mbele yao watu wawili walikuwa wamejaribu kuupa mwezi majina. Michael van Langren, mutu wa Brabant, mwaka 1645 alitia majina ya wafalme na wakubwa wa wakati wake. Johannes Hevelius wa Danzig, mwaka 1647, alihamisha huko majina ya milima na bahari za dunia. Majina ya wakubwa yamefutika karibu yote. Riccioli yeye alitia majina ya wenye elimu ya nyota, nayo yangali yanatumika na watu wa kila dini na wasio na dini.

Tendo lake moja linatupendeza kupita mengine. Katika kitabu kile kile alikataa fundisho la Copernicus kwamba dunia inazunguka jua, na sababu zake alizieleza kwa kurasa nyingi. Lakini alipofika kwenye majina, alimupa Copernicus krateri moja ya kifalme, yenye upana wa kilometri 93 na kuta zenye ngazi, inayoonekana peke yake katika ile bahari aliyoiita Bahari ya Tufani. Wengine wanasema ilikuwa mzaha, kwamba alimutupa Copernicus katika mawimbi. Sisi tunaona kwamba mutu asiyemuheshimu mushindani wake angemupa kishimo cha pembeni. Padri Clavius, Mujezuiti aliyefanya kazi ya kalenda ya mwaka 1582, ana krateri yenye upana wa kilometri karibu 230. Toka Isangi kupanda mpaka Kisangani ni kilometri kama 125: shimo la Clavius lingemeza njia hiyo ya kwenda na karibu yote ya kurudi. Na upande wa nyuma wa mwezi, usioonekana toka duniani, iko krateri ya Padri Georges Lemaître, profesa wa Louvain, yule aliyefundisha toka mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka.

Basi, moto ao mawe? Mwingereza Robert Hooke alifanya majaribio mawili na kuyaandika katika mwaka 1665. Aliangusha risasi katika udongo mulaini wenye maji, akapata mashimo yanayofanana na yale ya mwezi. Kisha alichemusha unga wa alabasta katika chungu, na mapovu yalipopasuka yaliacha mashimo yanayofanana vile vile. Achague lipi? Alichagua chungu, kwani hakuona mawe ya kupiga mwezi yangetoka wapi. Katika siku zake watu walidhani kati ya nyota hakuna kitu. Ni jibu la mutu mwenye akili, na ndiyo sababu lilidumu.

Lakini mawe yalikuwapo, na watu wa vijiji walikuwa wameyaona. Katika Ulaya walima-shamba walisema tangu zamani kwamba mawe yanaanguka toka mbinguni, na wenye elimu wa Paris waliwacheka. Mujerumani Chladni aliandika kitabu katika mwaka 1794 kuwatetea, wachache walimusadiki. Siku ya 26 Aprili 1803, muchana, mawe zaidi ya 2,000 yalianguka karibu na muji mudogo wa L'Aigle katika Ufaransa. Serikali ilimutuma kijana mumoja, Jean-Baptiste Biot. Yeye hakuketi mezani: alitembea kijiji kwa kijiji, akawauliza watu mumoja mumoja, akalinganisha maneno yao na mahali mawe yalipookotwa, na aliporudi hakuna aliyecheka tena. Makatekista wetu, wenye kazi ya kusikiliza watu kijiji kwa kijiji, watatambua namna hiyo ya kufanya.

Hata hivyo mashimo ya mwezi yalibaki kwa moto miaka 100 na zaidi, kwa sababu moja nzito. Waseminari wetu waende kwenye ukingo wa Lomami maji yakipungua, watupe kijiwe katika tope. Kikianguka wima, shimo ni duara. Kikitupwa kwa ubavu, shimo ni refu kama mutumbwi. Sasa mawe ya mbinguni yanakuja toka pande zote, mengi kwa ubavu. Mbona basi krateri za mwezi ni duara karibu zote? Swali hili liliwashinda watu wengi. Jibu lilitolewa na Ernst Öpik wa Estonia katika mwaka 1916, na tena na Algernon Gifford wa New Zealand katika mwaka 1924. Jiwe lenye kuja toka mbali linapiga dunia kwa mwendo wa kilometri 11 kwa sekunde moja, ao zaidi. Kwa mwendo huo lingetoka Isangi mpaka Kisangani katika sekunde 11 na kidogo, safari ambayo mashua yenye mota inaifanya kwa muchana muzima. Jiwe la namna hiyo halichimbi tope kama kijiwe: linapasuka kama bombu, mwamba unageuka muvuke, na bombu inachimba duara, itoke upande wowote.

Katika Arizona, inchi ya Marekani, kuna shimo lenye upana wa metri 1,200 na kina cha metri 170, na pembeni yake vipande vingi vya chuma cha mbinguni. Grove Karl Gilbert, mukubwa kati ya wajuzi wa mawe wa wakati wake, alilipima katika mwaka 1891. Alitafuta chuma kikubwa chini ya shimo kwa nguvu ya sumaku, hakukipata, akasema: ni muvuke wa chini uliopasuka. Na mutu huyu huyu, kisha kuangalia mwezi kwa darubini, aliandika kwamba mashimo ya mwezi yalipigwa na mawe! Alisema kweli juu ya inchi asiyoikanyaga, akakosa juu ya shimo alilolitembelea kwa miguu. Tunaitaja habari hii kusudi musifikiri kwamba kufika mahali kunatosha. Kunafaa vile vile kujua jiwe gani la kuuliza. Daniel Barringer naye alitoboa shimo lile kwa mashini toka mwaka 1903, akitafuta utajiri wa chuma. Alikufa katika mwaka 1929 bila kuupata, maana chuma kilikuwa kimegeuka muvuke kwa sehemu kubwa.

Aliyepata kuliuliza jiwe lenyewe ni Eugene Shoemaker. Yeye alichunguza kwanza mashimo yaliyochimbwa na bombu za atomiki katika Nevada. (Urani ya bombu za kwanza za atomiki, za mwaka 1945, ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu, ni jambo la kufikiriwa mahali pengine.) Shimo la Arizona lilikuwa na mapindo yale yale ya mawe kwenye ukingo. Katika mwaka 1960 yeye pamoja na Edward Chao walitangaza kwamba katika muchanga wa shimo lile kuna koesiti, namna ya kwarsi inayotokea kwa mukandamizo mukali sana. Hakuna mulima wa moto unaoweza kuifanya hapo juu ya inchi. Jiwe lilikuwa limeshuhudia.

Toka hapo mambo yalikwenda mbio. Watu walifika mwezini katika mwaka 1969, na safari sita mpaka 1972 zilileta kilo 382 za mawe. Mawe hayo yalionyesha kwamba mwezi ulipigwa sana katika siku za mwanzo, zaidi ya miaka milioni 3,800 iliyopita. Tena yalileta kipimo cha ajabu: inchi yenye krateri nyingi ni ya zamani, yenye krateri chache ni changa, na kwa kuwa umri wa mawe ya mwezi umepimwa, hesabu ya krateri inatumika leo kama saa kwa inchi ambazo hakuna mutu aliyezikanyaga. Mars ilionekana na krateri zake katika mwaka 1965, Merkuri katika mwaka 1974. Katika mwaka 1979 vyombo vya Voyager vilipita karibu na miezi ya Yupiter: Kallisto imejaa krateri kama uso wenye alama za ndui, lakini Io haina krateri ya mupigo hata moja inayoonekana, kwani milima yake ya moto inafunika kila kitu. Ni Nyiragongo zaidi ya mia kwa pamoja.

Na dunia yetu? Ilipigwa vile vile, lakini mvua, mito, upepo na mimea vinafuta. Krateri za mupigo zilizohakikishwa duniani ni kama 200 tu. Ile kubwa kupita zote, Vredefort katika Afrika ya Kusini, ina miaka milioni 2,000 na zaidi, nayo imeliwa mpaka mizizi.

Juu ya uwanda wa Kundelungu, katika Katanga, kuna duara la vilima lenye upana wa kilometri 17, linaloitwa Luizi. Andiko la Kijerumani la mwaka 1919 lilikuwa limekwisha kulitaja. Picha za toka juu zilionyesha kuta zenye urefu wa metri 300 na zaidi, na ndani yake pete nyingine ndogo. Lakini picha ni picha. Ludovic Ferrière wa jumba la vitu vya asili la Vienna alifanya kazi pamoja na François Lubala wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Pierre Kaseti, na Gordon Osinski wa Kanada. Mawe yaliokotwa, yakakatwa kuwa nyembamba kama karatasi, yakaangaliwa kwa hadubini. Walikuta mawe yaliyopasuka kwa umbo la koni, yenye mistari inayotawanyika kama mukia wa farasi, na kwarsi yenye nyuzi nyembamba zinazofuatana sawasawa: alama za mupigo zisizofanywa na kitu kingine. Walitangaza katika mwaka 2011. Ndiyo krateri ya kwanza ya mupigo iliyohakikishwa katika inchi yetu, na majina ya Wakongo yameandikwa juu ya kazi ile.

Tunabaki na duara jingine, ambalo ni jirani yetu. Karibu moja kwa moja kusini ya Isangi, kilometri kama 500 kwa ndege, katika Sankuru, muto Unia unazunguka inchi moja duara, yenye upana wa kilometri 36 mpaka 46, si mbali na Wembo-Nyama, pale Wametodisti wa Marekani walipojenga misioni yao. Duara hilo linaonekana wazi katika picha za satelite. Katika mwaka 2010 Giovanni Monegato wa Padova na wenzake walisema linaweza kuwa kovu la jiwe lenye upana wa kilometri karibu 2. Linaweza: neno hilo wao wenyewe wamelishika, nao wamefanya vema. Muto unaweza kuzunguka inchi iliyoinuka kwa sababu nyingine, na watu wamekwisha kuandika katika magazeti kana kwamba neno limekatwa. Musitu ni munene, udongo ni wa kina, na mawe yanaonekana tu pale vijito vimekata chini. Katika vijito hivyo ndimo mutu angetafuta: jiwe lililopasuka kama koni, kubwa kama ngumi ao kama kichwa, lenye mistari inayoanza ncha moja na kutawanyika kuelekea chini.