Tungamo na Wenzake

Sokoni kila kitu kina uzito. Sukari kilo mbili ni uzito, gunia la mahindi ni uzito, na mtoto akipelekwa kliniki hupimwa uzito. Mwanafizikia hatosheki na hilo. Kwake uzito ni kani, yaani ule mvuto ambao dunia inauvutia mwili, na mvuto huo si wa kudumu: mtu yuleyule akisimama mwezini, uzito wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Maada aliyo nayo haikupungua hata punje. Hicho kisichopungua kinataka jina lake, na wanaistilahi wetu walikipa jina la tungamo.

Katika istilahi zote za fizikia ya Kiswahili, hili ndilo nilipendalo zaidi. Limetoka kwenye kitenzi tungama, kitenzi cha damu inayoganda kidondani na maziwa yanayoshikana kibuyuni. Kilichotungama kimeacha kutiririka. Kimejishika, kimekuwa kitu kimoja. Aliyelichagua neno hili huenda alitaka tu kusema kwamba mwili ni maada iliyokusanyika. Lakini tuingie ndani ya protoni tuone.

Protoni ina kwaki tatu. Ukijumlisha matungamo ya kwaki hizo zikiwa peke yake, unapata kama asilimia moja tu ya tungamo la protoni nzima. Zilizobaki, asilimia 99 au karibu na hapo, haziko ndani ya kitu chochote unachoweza kukiita kipande. Zinatokana na nishati: nishati ya kwaki zinazohangaika humo ndani, na nishati ya gluoni zinazozishika zisiachane. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba nishati na tungamo ni mamoja, na protoni ni shahidi wake mkubwa. Hata jina la gluoni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya gundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tungamo la mwili wako, la jiwe na la gunia lile la mahindi, imepatikana kwa kushikana. Neno la Kilatini na Kigiriki ambalo Wazungu wanalitumia kwa dhana hii lilihusu donge la unga uliokandwa, nalo ni zuri. Letu linasema jambo la ndani zaidi: tungamo ni tendo lililokwisha kutendeka, vitu vilivyokuwa mbalimbali na sasa vimegandamana.

Asilimia moja iliyosalia ina hadithi yake, na hadithi hiyo ndiyo iliyotafutiwa ushahidi katika handaki la kilomita 27 chini ya mpaka wa Ufaransa na Uswisi. Mwaka 1964 Robert Brout na François Englert, na Peter Higgs kwa upande wake, waliandika kwamba ulimwengu wote umejaa uga fulani, na kwamba chembe hupata tungamo kwa kuhusiana na uga huo. Tarehe 4 Julai 2012, CERN, maabara yenye handaki hilo, ilitangaza kwamba chembe inayoambatana na uga huo imeonekana, yenye tungamo la karibu mara 133 ya protoni. Elektroni nayo inapata tungamo lake dogo kwa njia hiyo. Isingelipata, isingetulia kuzunguka kiini, na atomu isingekuwapo.

Nimesema uga, na baadhi ya walimu husema uwanja. Maneno yote mawili ni mazuri, ila uwanja siku hizi umejaa mpira na ndege. Una mipaka, milango na tiketi. Uga ni ile nafasi wazi mbele ya nyumba, na hakuna anayeuliza unaanzia wapi. Uga sumaku, uga umeme, uga wa Higgs: katika zote hizo tunasema kwamba kila mahali, hata pasipo na kitu cha kushika, pana thamani fulani inayoweza kupimwa. Vumbi la chuma likinyunyizwa kwenye karatasi juu ya sumaku hujipanga kwa mistari, lakini uga ulikuwapo kabla ya vumbi.

Basi tuje kwenye mtambo ulio ndani ya handaki lile, maana hapa ndipo istilahi zinapotupiga chenga. Mtambo ule mkubwa wa CERN hutafsiriwa kiongeza kasi, na wenye kupenda istilahi fupi husema kichapuzi, kutokana na chapua, kitenzi kilichotupa pia mchapuko wa vitabu vya fizikia. Kisarufi hakuna kasoro. Kifizikia pana tatizo, na tatizo hilo linafundisha zaidi ya sura nzima ya kitabu.

Protoni zinapoingia katika handaki lile kubwa, zimekwisha kupitia mitambo midogo kadhaa na zina nishati ya elektronivolti bilioni 450. Kasi yake wakati huo imebakiza takriban mita 650 tu kwa sekunde kuifikia kasi ya mwanga, ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kisha mtambo unazifanyia kazi hadi nishati inafika elektronivolti trilioni 6.8, mara 15 ya ile ya mwanzo. Na kasi? Imeongezeka kwa hizo mita 650, basi, pungufu ya chache. Tendo lote la mtambo uliogharimu mabilioni, wenye sumaku za kupindia 1,232, kila moja ya mita 15, zilizopozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri ili waya zake zipitishe umeme bila ukinzani, halichapui chochote cha kutajika. Kinachopanda ni nishati. Aliyejifunza neno kichapuzi atadhani protoni inakimbia mara 15 zaidi, na atakuwa ameelewa kinyume kile ambacho Einstein alitaka tukielewe: kasi ina dari, nishati haina.

Tuna pa kuchota neno bora. Kila msikiti, kila kanisa na kila mkutano wa hadhara una kipaza sauti. Kupaza ni kukifanya kitu kipae, na hakuna anayedhani kwamba kipaza sauti kinaifanya sauti iende haraka. Inabaki na mwendo wake uleule hewani, ila imekuwa kubwa. Napendekeza kipaza nishati. Kichapuzi tukiache kwa mitambo ya mwanzo wa safari, kama ule wa mstari ulionyooka ambako ayoni za haidrojeni huanza zikiwa taratibu na kweli huchapuka, au kwa saiklotroni ya kwanza ya Ernest Lawrence huko Berkeley, iliyoenea kiganjani.

Na sumaku je? Hizo hazipazi wala hazichapui. Kazi yake ni kupinda njia ya protoni ili zirudi pale zilipotoka, mara 11,245 kila sekunde, na kila zinapopita kwenye vyumba vya mawimbi ya redio hupewa msukumo mwingine. Mwale wa protoni wenyewe si mwale kama wa jua unaopenya paani bila kukatika. Umekatwakatwa mafungu, kila fungu na protoni zaidi ya bilioni 100, na kutoka fungu hadi fungu ni kama mita saba na nusu. Mafungu ya mwale unaokwenda upande huu na ya mwale unaokuja kinyume chake yanapokutana, protoni nyingi mno hupishana salama. Chache ndizo zinazogongana.

Kugongana kwenyewe hakuonekani kwa jicho, na kifaa kinachozunguka mahali pa mgongano ni sawa na jengo. Kimojawapo, kiitwacho ATLAS, kina urefu wa mita 46, kimo cha mita 25 na tungamo la tani 7,000. Tumezoea kukiita kigunduzi. Zamani kugundua kulikuwa kumkuta mtu ghafla, kumfumania asipotarajia, na maana hiyo ya kale ingekifaa sana kifaa kinachovizia. Leo kugundua ni kuvumbua kitu, na kifaa hiki hakivumbui. Bosoni ya Higgs, ile chembe ya uga wa Higgs, huishi muda mfupi hata haiwezi kuvuka unene wa atomu moja kabla ya kuvunjika. Haijapata kugusa kifaa chochote cha binadamu. Kinachofika kwenye tabaka za ATLAS ni vizazi vyake, kwa mfano fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, au elektroni na ndugu zake wazito waitwao myuoni, jumla nne. Kifaa kinahifadhi alama zao. Wanaogundua ni watu, baada ya miezi ya kuchambua alama hizo, wakijumlisha nishati na kurudi nyuma hadi kwa mzazi.

Hapa tena sauti imetutangulia. Tuna kinasa sauti, na kila asikiaye neno hilo anajua kwamba sauti yenyewe haikufungiwa humo. Imepita ikaacha chapa. Kinasa chembe ni jina la kweli zaidi kuliko kigunduzi. Mtu atauliza kuhusu myuoni, ambayo hupenya tabaka zote za chuma ikatokea upande wa pili, itasemwaje kwamba imenaswa. Ndivyo ilivyo sauti. Kipaza upande mmoja na kinasa upande mwingine: jozi ambayo fundi yeyote wa redio anaijua, na mtambo mzima wa CERN umeenea ndani yake.

Alama yenyewe nayo inadai jina. Ili kulipata ni vizuri kuiangalia kwa karibu, na kwa bahati kuna kinasa ambacho shule inaweza kukitengeneza. Ni sanduku la kioo. Juu, kwa ndani, hubandikwa kitambaa kinene kilicholowa spiriti. Chini huwekwa sahani nyeusi juu ya barafu kavu yenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Mvuke wa spiriti hushuka, na karibu na sahani hupoa kupita kiasi, ukawa tayari kuwa matone ila hauna pa kuanzia. Washa tochi kwa ubavuni, zima taa za chumba, subiri. Kwanza ni ukungu mwembamba unaonyesha kama mvua. Halafu, bila onyo, mstari mweupe unajichora, unakaa kwa pumzi moja, unatawanyika. Mwingine unatokea umbali wa vidole viwili. Mstari mfupi mnene ni wa chembe ya alfa. Uliopindapinda kama aliyeuchora alikuwa anasita ni wa elektroni. Mrefu ulionyooka kama uzi ni wa myuoni, iliyozaliwa angani mionzi ya mbali ilipogonga hewa, na hizo hushuka kiasi cha moja kila dakika kwa kila eneo la ukubwa wa ukucha. Chembe imepita ikiondoa elektroni kwenye atomu za njiani, na mvuke umetungama palepale ilipopita.

Mskoti Charles Wilson alipiga picha za kwanza za mistari hii mwaka 1911, baada ya kuanza na hamu ya kuigiza mawingu aliyoyaona mlimani Ben Nevis. Mwaka 1932 Carl Anderson alitazama picha ya namna hiyo, akaona mstari mwembamba kama wa elektroni, ila uliopindwa na uga sumaku kuelekea upande usio wake. Ulikuwa wa positroni, elektroni ya antimaada. Antimaada ilijulikana kwa jinsi mstari ulivyopinda.

Mistari hii tuiiteje? Nyayo haifai, kwa kuwa nyayo zina nafasi katikati, na chembe haipigi hatua. Njia ni ya atakayepita kesho. Mimi nasema mburuzo, kama ule aliouacha nyoka vumbini: haukatiki, una unene na mpindo, na ajuaye kusoma anajua nyoka alikuwa mnene au mwembamba na ameelekea wapi. Hayo ndiyo hasa ambayo mwanafizikia huyasoma.

Kwa majina ya chembe zenyewe sina ugomvi na ukopaji. Elektroni ilipewa jina na George Johnstone Stoney mwaka 1891, miaka sita kabla J. J. Thomson hajaionyesha maabarani, na jina limetoka kwenye neno la Kigiriki la kaharabu, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani makavu. Waarabu nao huita umeme kwa jina la kaharabu hiyohiyo. Sisi tulichukua umeme wa radi tukautia kwenye waya, na kwa elektroni tukaungana na dunia. Ni sawa. Jina la chembe ni kama jina la mtu, halitafsiriwi. Yanayotakiwa kuzaliwa nyumbani ni maneno ya matendo na vifaa, kwa kuwa hayo ndiyo mwanafunzi anayofikiria nayo. Mtoto wa Tanzania hufundishwa kani, nishati na sumaku kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza anaambiwa aanze upya kwa Kiingereza, na maneno aliyokwisha kuyamiliki yanaachwa mlangoni. Nchini Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, Kigali ina taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, mshirika wa kituo cha fizikia alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam mjini Trieste. Baadhi ya wanaosoma pale wanatoka katika nchi ambazo watu wake wanaelewana kwa Kiswahili barabarani. Ningependa waelewane nacho ubaoni pia, hata kwa sentensi chache kwa siku, maana wao ndio watakaojua neno gani linadanganya.

Liko moja ambalo limenishinda, nami naliweka mbele yao. Elektroni ina sifa iliyotajwa mwaka 1925 na Uhlenbeck na Goudsmit, na Kiingereza kiliiita kwa neno la kuzunguka kama pia. Kamusi zitatuvuta kwenye mzunguko. Lakini elektroni haizunguki kama pia. Ingekuwa tufe linalozunguka, uso wake ungelazimika kwenda kasi kupita mwanga. Isitoshe, hali yake hairudi kama ilivyokuwa mpaka igeuzwe duara mbili kamili, na hakuna pia duniani yenye tabia hiyo. Tukisema mzunguko tunarithi kosa la wenzetu tukijua ni kosa. Nimejaribu mgeuko, nimejaribu mpinduko, yote yanaleta picha ya kitu kinachosogea. Mpaka apatikane mwenye neno, naandika spini.