Kisiwa cha Nchi Kavu

Ukisimama kituoni Same utaiona Milima ya Upare imeinuka juu ya nyika kama kisiwa. Chini ni vumbi na mkonge. Juu, hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,463, ni misitu, migomba na kahawa.

Kisiwa hiki kiliishi kwa maji. Wazee walijenga ndiva, mabwawa yaliyojaa usiku na kufunguliwa mchana, na kila shamba lilikuwa na zamu yake. Watu waliozoea kugawana kwa haki iliyo wazi hawakuikubali mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Mnamo Januari 1945 maelfu walishuka hadi Same, makao ya serikali ya wilaya, wakaketi bila silaha. Hawakukataa kulipa kodi; walikataa kukadiriwa na wachache. Baadaye wanawake nao wakaandamana. Hatimaye mbiru ikafutwa.

Kila nionapo ndiva iliyojaa tope, najiuliza: je, sisi tunaorithi ushindi ule tumeirithi pia ile zamu? Maana watu wasioweza kugawana maji watashikamana kwa lipi siku ya shida?