Kabla ya Alcoblow Kulikuwa na Rika

Kila Ijumaa usiku kuna msee kwenye grupu ya WhatsApp anatuma mahali Alcoblow imewekwa, ndio wengine wapite njia ya nyuma. Watu wanajibu na emoji za shukrani. Sasa fikiria huyo dere mlevi ameokolewa na nyinyi, na nyuma ya gari kuna watoto wawili wa Form Three. Mmemsaidia nani?

Maze, hii vita ya nani anywe na lini ni ya zamani kuliko gari. Kwa Wakikuyu, muratina ilikuwa ya wazee. Kwa Waluhya, wazee walizunguka chungu kimoja cha busaa, kila mtu na mrija wake. Hakuna mtu aliyeulizwa kitambulisho, kwa sababu rika lako lilikuwa linajulikana na kijiji kizima. Sisemi ilikuwa peponi. Wazee nao walilewa, na sheria hiyo iliwafaa wao wenyewe. Lakini kijana alijua kuna macho ya watu wanaomjua kwa jina.

Mkoloni akaja akabadilisha kipimo, kutoka umri hadi rangi. Mwafrika alikatazwa pombe kali za Wazungu, hata kama ni babu mwenye wajukuu. Wakati huohuo, miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi likafungua ukumbi wa pombe Pumwani, na faida ikaingia kwa baraza. Yaani serikali ikawa ndiyo inakukataza na ndiyo inakuuzia. Rika likabaki kijijini.

Baada ya uhuru tukajaribu marufuku. Sheria ya 1980 ilipiga chang'aa marufuku kabisa. Chang'aa haikuisha, ilijificha tu, na huko gizani wengine wakaichanganya na sumu. Mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli.

Ndipo 2010 ikaja ile tunaita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Chang'aa ikahalalishwa ili isimamiwe. Chini ya miaka 18, hakuna kuuziwa. Baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na zikae angalau mita 300 kutoka shule. Desemba 2013 Alcoblow ikaingia barabarani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zake hazikuwa halali, kisha baadaye ikarudi.

Mimi naona hizi sheria ni poa, na zifuatwe. Lakini karani wa baa anaona pesa, na polisi anakuona ukiwa tayari umeshika usukani. Hakuna sheria inayokaa ndani ya gari saa nane usiku. Anayekaa humo ni mbogi yako. Hilo ndilo rika letu siku hizi, na limeacha kazi yake.

Kazi yenyewe si ngumu. Kabla hamjatoka, mkubaliane nani hagusi keroro, na huyo ndiye ashike funguo. Kama dere amekunywa, shukeni, mchange pesa ya teksi. Nduthi ya mtu mlevi pia si suluhisho. Yule mdogo wa miaka 16 anayewafuata, msimnunulie "kidogo tu" ndio aonekane amekomaa. Na wewe mwenye 16, ukikwama, pigia mtu mzima unayemwamini.

Wazazi pia, mtoto akipiga simu usiku, nendeni mkamchukue kwanza. Kelele zingoje asubuhi. Mkimfokea kwa simu, siku nyingine hatapiga, ataingia tu kwa hiyo gari.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla mtu atume mahali Alcoblow iko, aulize grupu swali moja: nani ameshika funguo, na amekunywa nini?