Pumzi iliyotoka Burma

Leo naweka programu kando, ingawa tutazirudia. Sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tumeambiwa mara nyingi tufunge macho tufuate pumzi. Siku hizi hata simu zinafundisha zoezi hilo, kwa malipo ya kila mwezi. Nilipoanza kutafuta lilikotoka nilidhani nitaishia California. Nikaishia Burma, mwaka 1885.

Mwaka huo Waingereza waliiteka Mandalay wakampeleka mfalme Thibaw uhamishoni India. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini ya Buddha. Sasa nani angeitunza? Mtawa Ledi Sayadaw (1846–1923) aliona raia wa kawaida ndio waibebe. Akaandika vijitabu kwa Kiburma chepesi, akazunguka nchi akifundisha watu kutafakari, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la watawa wachache. Kwa hiyo waliolitoa zoezi hili nyumbani kwa watawa ni Waburma wenyewe, tena kwa hofu ya kupoteza dini yao.

Wengine wakafuata. Kuanzia 1949 Mahasi Sayadaw alifundisha watu Rangoon (Yangon ya leo) kutazama tumbo likipanda na kushuka. U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa serikali, alifundisha hadi wafanyakazi wa ofisi yake. Ndiye aliyemfundisha S. N. Goenka, mfanyabiashara aliyesumbuliwa na kipandauso, ambaye mwaka 1969 alilipeleka zoezi India. Vijana wa Kimarekani wakalikuta huko, wakarudi nalo kwao.

Jon Kabat-Zinn, mwanabiolojia wa Massachusetts, alianzisha kliniki yake hospitalini mwaka 1979. Walioletwa ni wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walishindwa kuwasaidia. Kozi ilikuwa ya wiki kadhaa, na kanda za kaseti za kufanyia mazoezi nyumbani. Baadaye wanasaikolojia wakaligeuza kuwa tiba ya kuzuia sonona isirudi, na Uingereza ikaipendekeza rasmi mwaka 2004.

Sasa turudi kwenye programu. Ukihamisha programu kwenye mashine nyingine, kuna vipande unaviacha. Hapa ziliachwa kanuni 227 za mtawa, ikiwemo ya kutogusa pesa. Lengo la kujinasua na mzunguko wa kuzaliwa na kufa nalo likaachwa. Sina ugomvi na hilo. Mwenye maumivu ya mgongo hakuja hospitali kubadili dini.

Linalonikera ni jina kufutwa. Kabat-Zinn mwenyewe aliandika mwaka 2011 kwamba alijitahidi sana kozi yake isionekane ya Kibuddha. Namwelewa, maana pengine hospitali ingemfungia mlango. Lakini hata kwenye programu huria unaruhusiwa kukata utakavyo, mradi jina la mwandishi libaki juu ya faili. Halafu Mkristo au Muislamu anayefanya zoezi hili ana haki ya kujua limetoka wapi, aamue mwenyewe.

Programu iliyo kwenye simu yangu ina ukurasa wa kujieleza. Nimeusoma wote. Ledi hayumo, wala Burma.