Ombwe Halikai Lenyewe

Themosi ya chai, ile ya kioo ndani, ukifungua kitako chake ukaitoa chupa, utakuta chini yake kinundu chenye ncha kali. Wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. Hapo ndipo hewa ilipofyonzwa kutoka kati ya kuta mbili za kioo, kisha mrija ukayeyushwa kwa moto ukajifunga. Ivunje ncha hiyo tu na chai ya asubuhi haitafika saa sita ikiwa moto, hata kama chupa yenyewe haina ufa.

Stori ya themosi kwa kawaida husimuliwa kama kesi ya wizi. James Dewar, Mskoti aliyefanya kazi Royal Institution jijini London, alitengeneza chombo cha kuta mbili mwaka 1892 ili ahifadhi gesi alizozigandamiza na kuzipoza hadi zikawa maji. Hakuchukua hataza. Mjerumani Reinhold Burger, fundi wa vyombo vya kioo mjini Berlin, akachukua yake mwaka 1903, kampuni ya Thermos ikazaliwa, Dewar akaenda mahakamani akashindwa. Watu humhurumia hapo na kufunga kitabu. Mimi nadhani sehemu tamu inaanza baada ya hapo, kwa sababu kutoa hewa ndani ya chombo lilikuwa jambo linalojulikana tangu karne ya 17. Lililowasumbua watu ni kuizuia isirudi.

Na hairudi kwa kupenya ufa peke yake. Kioo kinachoonekana kikavu kina unyevu ulioganda usoni mwake na gesi zilizojificha ndani. Ukishakifunga, vitu hivyo huanza kutoka polepole, siku baada ya siku, hasa kikipata joto. Yaani ukuta wenyewe ndio unaolichafua ombwe. Dewar alilijua hili, na dawa yake ingemfurahisha mtu wa Pwani: makaa ya vifuu vya nazi. Makaa yana vitundu vingi mno, na yakipozwa sana hunywa gesi kwa kiasi cha ajabu. Ukiyaweka ndani ya ombwe lenye baridi kali, yanaendelea kufagia hata pampu ikishaondolewa.

Watengenezaji wa balbu walikuwa na shida hiyohiyo. Arturo Malignani, wa Udine nchini Italia, katika miaka ya 1890 alitumia fosforasi nyekundu kumeza mabaki ya hewa ndani ya balbu, na kampuni ya Edison ikainunua njia yake. Baadaye redio za valvu na televisheni za zamani zenye kisogo zilitumia madini ya bariamu. Kama uliwahi kuona doa la rangi ya fedha ndani ya valvu, ndilo hilo. Mafundi huliita geta. Likigeuka jeupe, ujue hewa imeshaingia na valvu imekufa.

Sasa tuje kwenye dirisha. Mwaka 1913 Mjerumani aliyeitwa Zoller aliomba hataza ya vioo viwili bapa vyenye ombwe katikati. Wazo lilikuwa la wazi kabisa: kama chupa inaweza kutunza joto, mbona dirisha lisiweze? Ila dirisha la kwanza lililofanya kazi kweli lilitoka mwaka 1989, katika Chuo Kikuu cha Sydney, kwenye kundi la Richard Collins. Hiyo ni miaka 76. Ilienda wapi?

Kwanza, umbo. Hewa ya nje inakandamiza kwa uzito wa tani 10 hivi katika kila mita moja ya mraba. Chupa ya duara inastahimili, kama yai linavyostahimili ukilibana kiganjani. Vioo bapa vingejikunja vikagusana. Dawa ni vinguzo vidogo, vyembamba kuliko milimita 1, vilivyopangwa kwa safu katikati. Lakini kila kinguzo ni njia ya joto kupita, kwa hiyo vikizidi umejenga dirisha la bure, na vikipungua kioo kinapasuka.

Pili, na hili halikufundishwa muda niliokaa chuoni (sikukaa sana), ombwe la nusu halisaidii kitu. Maxwell alitabiri, na majaribio ya Kundt na Warburg mwaka 1875 yakathibitisha: ukipunguza hewa, uwezo wake wa kupitisha joto haupungui hadi iwe haba sana. Katika nafasi ya dirisha, ambayo ni kama sehemu ya tano ya milimita, ukiondoa asilimia 99 ya hewa karibu hujafanya lolote. Inabidi ibaki kama sehemu moja kwa milioni. Na ibaki hivyohivyo kwa miaka mingi, juani, wakati kijishimo cha kufyonzea kimeshafungwa na hakuna pampu itakayorudi.

Watu wa Sydney walizunguka kingo kwa kioo laini kinachoyeyuka mapema, wakavioka vyote kwenye tanuri lenye joto la mamia ya nyuzi ili unyevu utoke kabla ya kufunga. Halafu wakaliangalia dirisha lao likizeeka. Joto lilitoa mvuke wa maji kutoka usoni mwa kioo, na mwanga wa jua ukatoa gesi za kaboni. Ndipo geta ya balbu za kale ikarudishwa kazini. Kuna gesi moja ambayo geta haiwezi kuikamata: heliamu, kwa sababu haiungani na kitu. Hiyo hupenya katikati ya kioo chenyewe. Bahati yetu ni kwamba hewani ni chache mno. Kampuni ya Nippon Sheet Glass ya Japani ilianza kuyauza madirisha haya kabla ya mwaka 2000.

Dirisha lililopoteza ombwe huwezi kulijua kwa kulitazama. Linang'aa vilevile. Linajulikana asubuhi ya baridi, kioo cha ndani kikianza kutoa jasho.

Kwetu wengi hawatawahi kununua dirisha hilo, lakini chombo cha Dewar kinapita njia za vijijini kila siku, nyuma ya pikipiki ya daktari wa kupandisha ng'ombe. Mbegu za fahali, zikiwemo zinazotoka kituo cha Kabete, hukaa ndani ya nitrojeni ya maji kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Tangi ni la chuma chepesi, lina kuta mbili, lina ombwe katikati, na mara nyingi ndani ya ombwe hilo kuna makaa au madini yenye vitundu, kazi ileile ya vifuu vya nazi. Ombwe likiharibika, shingo ya tangi huota barafu nyeupe, na nitrojeni ya wiki kadhaa huisha kwa muda mfupi tu. Mbegu zikishapata joto, hazirudi tena hata ukizigandisha upya. Mkulima amelipa, ng'ombe hajashika, na itabidi asubiri siku 21 hivi ndipo atafute dume tena. Ndiyo maana daktari makini huingiza kijiti ndani ya tangi, hukitoa, na kupima barafu imefika wapi.