Jiwe letu lilipokutana na kansa

Wandugu, kwetu Lusangi mtu akitaja mawe, kila mmoja anafikiri franga: dhahabu, kasiteriti, koltani. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka mwalimu wa kemia alipotuonyesha kwamba kasiteriti ni oksidi ya bati, na koltani ni oksidi ya niobi na tantali.

Siku hizi watafiti wanatengeneza chembe ndogo sana za oksidi za metali, kama ya zinki, na kuzimwaga juu ya seli za kansa ndani ya labo. Chembe zile zinaweza kuamsha oksijeni kali inayoharibu seli. Watu wanasema ni jambo jipya. Lakini oksidi ya Kongo na kansa vilikutana zamani.

Mwaka 1915, Mwingereza Robert Sharp aliona jiwe la ajabu kule Shinkolobwe, Katanga. Lilikuwa na oksidi ya urani, na ndani yake radiumu, ile ambayo Marie na Pierre Curie waliivumbua 1898. Tani 3 hivi za urani zinatoa gramu 1 tu! Mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilianza kuitoa. Bei ikashuka duniani, migodi ya Colorado, Marekani, ikaanguka. Hospitali za Ulaya zilitia radiumu ndani ya sindano na kuzichoma kwenye uvimbe. Wako waliopona. Wako pia walioungua, na Marie Curie mwenyewe alikufa 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi.

Mimi naona mafundisho mawili. La kwanza: kinachoua seli ya kansa kinaweza kuua hata seli nzima. Ndiyo maana labo inapima kwanza pande zote mbili, halafu wanyama, halafu watu. Kuua seli ndani ya kisahani bado si dawa. Mtu akikuuzia "nano" sokoni Kasongo, muulize: imepimwa kwa nani?

La pili linauma zaidi. Mikono iliyochimba ilikuwa ya Wakongomani, lakini elimu ya lile jiwe ilibaki Olen. Leo oksidi ya hafini inapimwa kwa wagonjwa pamoja na mionzi, na kampuni inayoitengeneza iko Ufaransa.

Basi wewe unayesoma kemia Kindu ao Kisangani: mawe yanaendelea kutoka. Safari hii, nani atabaki na elimu yake?