Viraka vya Kobe

Mwaka 1961 kampuni ya Volkswagen ilimalizana na watu waliokuwa wameidai gari kwa zaidi ya miaka 20. Waliolipia kikamilifu wakati wa utawala wa Hitler walipewa nafasi ya kuchagua: punguzo la hadi marki 600 kwenye gari jipya, au marki 100 taslimu. Basi. Wengine walikuwa wameshakuwa wazee, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Ninaanza na kesi hii kwa sababu ya neno moja ambalo kila anayefufua gari la zamani nyumbani huambiwa: asili. Ukitangaza tu kwamba umenunua Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyokaa miaka chini ya mwembe, utapata washauri wengi, na ushauri wao ni mmoja. Lirudishe katika hali yake ya asili. Tafuta rangi ya asili, bampa za asili, taa za asili. Ling'oe kila kitu ambacho mafundi wa mitaani waliongeza. Ni ushauri mzuri kwa anayetaka kuliuza. Ila ukilifuata hilo neno hadi lilikotoka, utafika mahali ambapo washauri hawakukusudia kukupeleka.

Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa na Hitler mwenyewe tarehe 26 Mei 1938, karibu na Fallersleben, kaskazini mwa Ujerumani. Mhandisi mkuu alikuwa Ferdinand Porsche, ingawa mawazo ya gari dogo la umbo hilo, lenye injini nyuma, yalikuwa yameshashughulikiwa na wengine, akiwemo Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra na Josef Ganz, Myahudi aliyelazimika kuikimbia Ujerumani. Bei ilitangazwa kuwa marki 990. Mfanyakazi wa kawaida alitakiwa kununua stempu ya marki 5 kila wiki na kuibandika kitabuni. Vitabu vikijaa, gari ni lake. Watu wapatao 336,000 walijiunga. Hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari. Vita ilipoanza, kiwanda kiligeukia mahitaji ya jeshi, na magari machache ya kiraia yaliyotengenezwa, mia kadhaa tu, yaliishia mikononi mwa wakubwa.

Waliofanya kazi humo wakati wa vita, kwa sehemu kubwa, hawakuomba kazi. Watu wapatao 20,000 walipitishwa kiwandani kwa nguvu: mateka wa kivita, raia waliochukuliwa Poland na Umoja wa Kisovieti, wafungwa wa kambi za mateso. Wanawake waliojifungua walinyang'anywa watoto wao, wakapelekwa katika kituo cha kijiji cha Rühen, na humo zaidi ya watoto wachanga 300 walikufa kwa uchafu, njaa na kupuuzwa. Daktari wa kiwanda aliyehusika na kituo hicho alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Uingereza na kunyongwa mwaka 1947. Magari yaliyofika kwetu hayakutoka kwenye mikono hiyo, na si haki kumtwika mwenye gari la 1968 mzigo wa 1943. Lakini ndiyo asili, kama ni asili tunayoitafuta.

Jeshi la Uingereza lilikikuta kiwanda mwaka 1945 kikiwa kimepigwa mabomu. Afisa aliyepewa kukisimamia, Meja Ivan Hirst, alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Waingereza walihitaji usafiri, naye akapata oda ya magari 20,000. Vifaa havikuwepo. Kabureta, kwa mfano, hazikupatikana kwa aliyekuwa akiziuza, kwa hiyo Hirst akaifungua moja mezani na kuigawa: sehemu kubwa zikasubiwa kiwandani hapo hapo, sehemu ndogo zenye matundu membamba zikapelekwa kwa watengenezaji wa kamera mjini Braunschweig. Magari ya mwanzo yaliunganishwa kwa akiba ya zamani na chochote kilichookotwa. Kufikia Oktoba 1946 yalikuwa yameshatoka 10,000. Fundi yeyote wa Gerezani au Gikomba angemwelewa Hirst bila mkalimani.

Na baada ya hapo gari halikutulia. Dirisha la nyuma lililogawanyika vipande viwili likawa moja lenye umbo la yai mwaka 1953, kisha likawa pana mwaka 1957. Injini ya 1200 ikafuatiwa na ya 1300, ya 1500, ya 1600. Umeme wa volti 6 ukawa wa volti 12. Tarehe 17 Februari 1972 kobe alipita rekodi ya Ford Model T kwa gari la 15,007,034, na la mwisho kabisa lilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, kukiwa kumetengenezwa zaidi ya milioni 21 na nusu. Ukiniambia nirudi kwenye asili, nitakuuliza ya lini.

Huku kwetu kobe alijulikana kwa tope. Mashindano ya kwanza ya Safari yalifanyika mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka huo hakukuwa na mshindi wa jumla. Wa kwanza kushinda kwa jumla walikuwa Vic Preston na D.P. Marwaha, mwaka 1954, wakiwa na Volkswagen. Gus Hofmann akashinda nayo tena 1957, na Tommy Fjastad 1962. Sababu hazikuwa za ajabu. Uzito wa injini umekaa juu ya matairi yanayosukuma, kwa hiyo gari linang'ang'ania pale ambapo mengine yanateleza. Chini ni bapa. Na halina rejeta. Injini inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka mlimani.

Lakini ushindi wa Safari ninaoupenda zaidi si wa Volkswagen. Ni wa 1965, wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekua kwenye gereji, na mdogo wake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika na kuchoka katika mashindano. Ndugu hao walilifumua, wakalifunga upya, wakashinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja na nusu mbele ya timu zilizokuja na magari mapya. Watu humkumbuka Joginder kwa usukani. Mimi humkumbuka kwa spana.

Kobe alikuwa na sifa nyingine iliyomfanya kuwa gari la mtu asiye fundi: alikubali kufunguliwa. Madigadi manne yamefungwa kwa bolti, hayakuchomelewa. Injini nayo imeshikwa na bolti nne. Unatoa waya wa betri, unaziba petroli, unachomoa waya wa eksileta na zile za umeme, unaachanisha mabomba ya joto, unainua gari nyuma, unaingiza jeki chini ya injini, unailegeza na kuivuta taratibu hadi iachane na giaboksi. Ni kama kilo 100 za chuma sakafuni, na hakuna aliyekuja kukusaidia ila jirani wa kuishikilia isiyumbe.

Mwaka 1969 Mmarekani John Muir, mhandisi aliyeachana na ajira, alichapisha kutoka New Mexico kitabu cha kumwelekeza mtu asiyejua lolote namna ya kuiweka hai Volkswagen yake. Kilifungwa mgongoni kwa waya, ili kikae wazi sakafuni wakati mikono imejaa grisi. Michoro ya Peter Aschwanden inaonyesha kila nati kana kwamba ina tabia yake. Kiliuzwa zaidi ya nakala milioni mbili. Ndani yake Muir hamdharau msomaji wala hamwogopeshi. Anamwambia aanze kwa kusikiliza gari. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya vitabu vya siasa vilivyo bora vya wakati wake, japo kinahusu nafasi ya valvu. Kinasema, ukurasa hadi ukurasa, kwamba kitu unachokitegemea si lazima kiwe siri ya mtu mwingine.

Tanzania hatukuhitaji kitabu hicho ili kufika huko, tulisukumwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Mafuta yalipanda bei, vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikala kilichobaki, na spea ikawa kitu cha kuombewa kibali. Kwa kipindi fulani magari binafsi yalikatazwa hata kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Ujerumani kwenyewe utengenezaji wa kobe ulikuwa umekoma Januari 1978. Mwenye gari alibaki na gari, fundi wake, na chuma chochote kilichokuwepo mtaani.

Nakala ya historia hiyo ninayo uani, hapa Moshi. Si picha wala barua. Ni sakafu ya gari, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, mahali pa betri. Hapo ndipo magari haya huanzia kuoza: asidi inadondoka, unyevu unakaa, bati linalika, na siku moja abiria anaiona lami ikipita chini yake. Langu lilishaoza si chini ya mara mbili, na lina viraka viwili. Cha chini ni bati nene lililokatwa kwenye pipa la mafuta na kuchomelewa. Ukipitisha msasa juu ya rangi nyeusi, zinaibuka herufi nyekundu za neno lililokatwa katikati. Cha juu ni bati jembamba lililofungwa kwa riveti.

Nilimwita mzee mmoja wa mtaani, fundi aliyestaafu, aje anisaidie kukata vyote viwili. Alipiga magoti, akapapasa kwa vidole kabla ya kutazama.

"Mwanangu, huyu wa chini alikuwa anajua. Ona alivyokunja ukingo, maji yasipenye. Bati hakuwa nalo, alikuwa na pipa."

"Na huyu wa juu, mzee?"

"Huyu alikuwa na haraka." Akafikiri kidogo. "Au siku hiyo umeme ulikatika."

Kisha akaniuliza kwa nini nataka kukikata kiraka kizima. Nikamjibu kwamba nataka gari liwe la asili. Hakubisha. Alisema tu kwamba hilo pipa limebeba betri miaka mingi kuliko bati la Wajerumani lilivyoibeba.

Ukweli ni kwamba hata wakubwa wa magari ya kale duniani wamemsogelea mzee huyo. Mwaka 2012 shirikisho lao la kimataifa, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin, iliyoigwa kutoka kwenye kanuni za kuhifadhi majengo ya kihistoria. Hati hiyo inataka kuhifadhi kutangulie kufufua. Mabadiliko yaliyofanyika katika maisha ya gari huhesabiwa kuwa sehemu ya historia yake, na kipande kipya kinachowekwa leo kitambulike kuwa ni cha leo, kisijifanye cha zamani. Walioiandika bila shaka walikuwa wakifikiria Bugatti na Alfa Romeo zilizolala kwenye maghala ya matajiri. Lakini sijaona kifungu kinachokataza pipa.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Gari hubeba watu. Sakafu iliyooza si kumbukumbu, ni hatari, na betri iliyolegea chini ya kiti chenye springi za chuma imeshawasha moto zaidi ya mara moja. Kwa hiyo tuligonga kila sehemu kwa nyundo, tukisikiliza. Kiraka cha riveti kilitoa sauti ya karatasi. Tulikiondoa, na chini yake kutu ilikuwa unga mtupu kwenye ukingo wa nje. Pipa lilitoa sauti ya pipa. Tukakata kilichooza hadi kwenye chuma kizima, tukachomelea ukanda mpya kulizunguka, mzee akikunja ukingo kwa namna ile ile. Kwenye ukanda huo nimegonga mwaka kwa patasi ndogo. Kwingine kote nimepaka rangi ya kuzuia kutu, isipokuwa penye herufi. Hapo nimepaka vanishi, na chini ya betri nimeweka kipande cha mpira wa tairi.

Jumamosi ijayo ni zamu ya valvu. Injini ikiwa baridi, milimita 0.15.